Eksirei ya kupima pengo la goti: uliza kama utapigwa umesimama

Kama goti linakusumbua na umeandikiwa eksirei, kabla hujalipa uliza dirishani: mtanipiga nimelala au nimesimama? Kituo cha kwanza nilichokwenda hapa Dar walinilaza kitandani, wakapiga, majibu yakatoka kwamba goti halina shida. Wakati huohuo kushuka ngazi za daraja la Manzese ilikuwa mpaka nishike chuma.

Daktari wa mifupa aliyeniona baadaye aliishika ile picha mbele ya taa, akasema, "Mama, hapa goti halijabeba mzigo wowote." Gegedu lenyewe, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, halionekani kwenye eksirei. Inaonekana mifupa, na kati ya mfupa wa paja na wa ugoko kuna pengo jeusi. Upana wa pengo hilo ndio unaotumika kukisia gegedu lililobaki. Ukilala mifupa haigandamizwi, pengo linaweza kuonekana pana na kumbe gegedu limeshalika. Ukisimama, uzito wako unalibana na hali halisi inajitokeza. Kwa hiyo hela yangu ya kwanza ilikwenda bure, na inaniuma nikifikiria wazee wanaorudishwa nyumbani na panadoli kwa picha kama ile.

Kituo cha pili, maeneo ya mjini, ndicho ninachokisifia. Kijana wa mionzi alitandika karatasi sakafuni, akanisimamisha juu yake na kuzichora nyayo zangu kwa kalamu, vidole vikielekea nje kidogo. Akaniambia nikunje magoti taratibu mpaka yaguse ubao ulio mbele yangu, uzito sawa miguu yote. Mashine ilikuwa nyuma yangu, imeinamishwa kidogo kuelekea chini. Magoti yote mawili yakapigwa kwa pamoja, hata lile lisiloniuma, ili yalinganishwe. Ile karatasi ikaingia kwenye faili langu. Nikamuuliza ya nini. "Ukirudi mwakani mama, unasimama papo hapo. Ukikunja tofauti na leo, namba zitabadilika tudhani ugonjwa umekua."

Hapo ndipo nilipoona wanajua kazi. Mwenye ugonjwa huu wa kulika gegedu hupoteza kwa wastani kama milimita 0.1 hadi 0.2 za pengo kwa mwaka, kiasi kidogo mno kiasi kwamba kusimama vibaya tu kunaweza kukificha au kukizidisha.

Vipimo walivichukua kwenye kompyuta, pale pengo lilipobana zaidi upande wa ndani wa goti: kulia milimita 2.8, kushoto 4.1. Daktari alinieleza kwamba chini ya 3 wengi huhesabu kuwa limepungua. Goti la kulia akalipatia daraja la 3 kwa mizani ya Kellgren na Lawrence ya kupima ukali wa ugonjwa huu, ambayo inatumika tangu mwaka 1957 na inaanzia 0 hadi 4, na 4 ndiyo mbaya zaidi. Haiangalii pengo peke yake, inaangalia pia vijifupa vinavyochomoza pembeni. Na tafadhali, usiweke rula juu ya filamu ukajipimia nyumbani. Filamu mara nyingi huchapwa imepunguzwa, milimita zake si za goti lako. Omba CD.

Pengo likipungua si lazima liwe gegedu peke yake. Meniski, ile pedi iliyo katikati ya mifupa hiyo miwili, ikichanika au ikisogea, pengo linabana vilevile, na eksirei haiwezi kukuonyesha hilo, inahitajika MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha hata sehemu laini. Pia wapo wenye pengo jembamba wasiosikia maumivu makali, na wapo wanaolia usiku ilhali picha ni nzuri. Mimi nimeanzishiwa mazoezi ya misuli ya paja na nimeambiwa nipunguze uzito. Sindano za "kurudisha uteute", yaani majimaji ya ndani ya goti, ambazo jirani zangu wamekuwa wakinishauri, daktari hakuniandikia, akasema tuone kwanza mazoezi yatanifikisha wapi.

Kuhusu mionzi, ya goti ni kidogo sana, isikutishe. Mjamzito aseme mapema tu.

Malalamiko yangu kwa kituo hiki ni moja, na nimewaambia ana kwa ana. Chumba cha eksirei kiko ghorofa ya kwanza na lifti siku hiyo ilikuwa haifanyi kazi. Nilimkuta bibi mmoja amekaa kwenye ngazi katikati, mjukuu wake amemshika mkono, wanasubiri maumivu yatulie ndipo wapande. Wagonjwa wa magoti washushiwe mashine chini.