Pampu ya akiba ya betri kwa chumba cha chini: ipi inunuliwe Bukavu

Nyumba nyingi za Bukavu zimejengwa kwa kuukata mlima, na maji yanayoingia chumba cha chini hayapiti mlangoni bali hupenya ukuta wa nyuma. Mwenye nyumba mwangalifu huchimba shimo la kukusanyia maji hayo na kuweka ndani yake pampu ya umeme inayojiwasha. Lakini mvua ileile inayojaza shimo husomba pia chupa za plastiki hadi bwawa la Ruzizi, ambako takataka zimekuwa zikiziba mitambo na kukata umeme. Kwa hiyo nazipanga njia za akiba kwa kuzipima kwa swali moja tu: saa nane usiku, umeme umekatika na nyumbani hakuna mtu, maji yatatoka?

Kabla ya kwenda dukani, pima maji yako. Siku ya mvua kubwa zima pampu, simamisha shimoni kijiti chenye alama, uangalie maji yanapanda kiasi gani kwa dakika moja. Katika shimo la duara lenye kipenyo cha sentimita 50, kila sentimita 10 ni karibu lita 20. Yakipanda hivyo kwa dakika, unapokea lita 1,200 kwa saa. Pima pia kimo kutoka chini ya shimo hadi mdomo wa bomba la kutolea maji, kwa sababu namba kubwa ya lita kwa saa iliyoandikwa kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji hata kidogo, na pampu ndogo ikiyapandisha mita 3 inaweza kupoteza nusu ya lita hizo au zaidi.

Nafasi ya kwanza naipa pampu ya pili ya volti 12, yenye swichi yake ya boya (huiwasha maji yanapopanda), betri ya AGM au ya jeli (za risasi zilizofungwa, zisizoongezwa maji) ya ampea-saa 100, na chaja inayobaki imechomekwa wakati wote. Ubora wake ni kwamba haitegemei chochote cha pampu kubwa: hata ile ikiungua au ikizibwa na tope, hii itafanya kazi. Hesabu yake ni rahisi. Betri za namna hii hudumu zaidi zisipotumiwa kupita nusu, yaani ampea-saa 50. Pampu inayokula ampea 8 itasukuma maji kwa saa sita mfululizo, na kama inapumzika nusu ya muda, utapata saa kumi na mbili.

Pesa zako zilinde kwenye betri. Inyanyue: ya AGM ya ampea-saa 100 iliyo ya kweli huwa na uzito wa karibu kilo 30, na ukiibeba kwa mkono mmoja bila kukunja uso, waachie wenyewe. Mwombe muuzaji aipime kwa maltimita; ikiwa imejaa itaonyesha karibu volti 12.7, na ikiwa chini ya 12.4 imekaa dukani muda mrefu bila kuchajiwa. Chaja nayo iwe inayopokea kuanzia volti 100 hadi 240, maana katika mitaa mingi umeme unaofika ni dhaifu. Ukiwa na umeme kwa saa chache tu kwa siku, chagua ya ampea 10 hadi 20.

Katika kufunga, boya la pampu ya akiba liwe juu kidogo ya lile la pampu kubwa, ili lisiamke kabla ya zamu yake. Kila pampu iwe na valvu yake ya kuzuia maji kurudi, na chini ya valvu hiyo fundi atoboe tundu la milimita 3 kwenye bomba, ili hewa isinase na kuifanya pampu izunguke bure. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, na waya uwe wa milimita za mraba 6, si ule mwembamba wa taa. Betri iwekwe juu ya rafu, kamwe si sakafuni. Maji yenyewe yaelekezwe kwenye mfereji wa barabara; ukiyamwaga mteremkoni, unampelekea jirani wa chini shida yako, na udongo wa huku haukawii kuporomoka.

Nafasi ya pili ni inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, yenye betri ya lithiamu inayoendesha pampu kubwa iliyopo. Inamfaa aliye na sola tayari. Pampu ya nusu hospawa hula wati 500 hivi, na inapowaka huvuta mara kadhaa ya hapo, hivyo inveta ndogo itazima palepale. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 100 itakupa karibu saa mbili mfululizo, na pampu ikifa hakuna nyingine.

Ya tatu ni pampu ileile ya volti 12 kwa betri ya gari. Ni rahisi kwa bei, lakini betri hiyo imeundwa kuwasha injini kwa sekunde chache, na ikikaushwa mara kadhaa hufa. Pia hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo chumba kiwe na hewa.

Jenereta ya petroli naiweka mwisho: lazima mtu aamke aiwashe, na moshi wake ndani ya nyumba unaua. Pampu zinazoendeshwa kwa nguvu ya maji ya bomba, zinazouzwa nchi nyingine, hapa sizipendekezi, kwa kuwa presha ya REGIDESO, kampuni ya maji, haina uhakika.

Kila mwezi zima swichi kuu, mwaga ndoo kadhaa shimoni, usikilize pampu ya akiba ikiamka. Wakati wa kiangazi usichomoe chaja. Mwezi wa nane, kabla ya mvua za Septemba, fanya jaribio refu zaidi, na betri ikidumu chini ya nusu ya muda uliouhesabu, ibadilishe wakati huo.