Gari la kukodi Muscat: "Hukuuliza"

Nianze na kijana wa kaunta, maana mpaka leo ananikera. Nilimwambia mara mbili: nakwenda Nizwa, halafu napanda Jebel Akhdar. Akacheka, akasema hakuna shida, ni lami tupu mpaka juu. Akanikabidhi kigari cheupe cha kuzungukia mjini, rial 11 kwa siku, na rial 100 akazizuia kwenye kadi yangu. Mnaotoka nyumbani, rial moja inapita dola mbili na nusu, kwa hiyo ukiona 11 usidhani umeokota.

Siku ya kwanza jasho lilinitoka. Sisi tumezoea kushoto, Oman ni kulia, na usukani uko upande wa pili. Nikitaka indiketa nawasha waipa. Nimefuta kioo kikavu Muscat nzima! Kipilefti cha kule sijui nikiite kipirait: unashika kulia, waliomo ndani ndio wenye haki ya kupita, na wanakuja mbio haswa. Kwenye barabara kuu ukizidisha 120 gari linalia ting ting mpaka upunguze, na kamera ni nyingi kweli. Lakini barabara zenyewe, jamani! Huvamiwi na bodaboda, na lita ya mafuta haifiki robo ya rial. Jioni nilikuwa nishapanga kumpa yule kijana nyota tano.

Ijumaa nikatoka alfajiri kuwahi mnada wa mbuzi Nizwa, kama kilomita 160 hivi. Wanunuzi wamekaa duara, mbuzi wanazungushwa katikati, bei zinapigiwa kelele. Ningeweza kushinda pale. Saa nne nikarudi nyuma hadi Birkat al-Mawz, inapoanzia njia ya mlimani. Pana kizuizi cha polisi. Askari mpole tu, hata leseni hakuiomba. Alilitazama gari, akazungusha kidole: geuza. Lisilo 4x4 halipandi.

Kumbe shida si kupanda, ni kushuka. Mteremko ni mkali na mrefu, breki za gari dogo zinapata moto hadi hazishiki tena, na watu wamekufa pale. Lami ipo mpaka juu, hapo yule kijana hakudanganya. Alijua kila siku magari kama lile yanarudishwa, akaninyamazia.

Nikampigia. Eti mkataba umeandika gari lisipelekwe milimani, na sahihi ni yangu. Sasa mbona hukuniambia? "Hukuuliza." Akakata simu.

Nikabaki kando ya barabara nafoka kwa Kiswahili, mengine siwezi kuyaandika hapa. Mara nasikia nyuma yangu: "Mwanangu, watukana watu Ijumaa yote hii?" Mzee, kanzu na kofia, yuko ndani ya Land Cruiser kioo kimeshushwa. Shikamoo ikanitoka yenyewe.

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Tanga, ami."

"Aa! Mie Unguja. Nimetoka mwaka 64, bado mtoto. Haya funga kigari chako hicho, ingia."

Tukapanda. Juu, uwanda wa Saiq uko karibu mita 2,000, baridi ya Lushoto kabisa, makonde ya ngazi yenye mikomamanga na waridi yameshuka mpaka ukingoni mwa bonde. Tuliswali Ijumaa huko huko. Wakati wa kushuka mzee alitia gia ndogo na breki akawa anaigusa tu, huku ananiuliza kama mabungo bado yanauzwa Darajani. Nilitoa pesa ya mafuta, nusura anishushe njiani.

Kwa hiyo nikajisemea, kama kijana angenipa 4x4 nisingekutana na mzee huyu. Hasira ikapoa. Nikaona nyota tatu zinamtosha, gari halikuzima hata mara moja na kiyoyozi kilikuwa kama friji.

Siku ya kurudisha akalikagua kwa tochi, mchana kweupe, anatafuta mikwaruzo. Hakupata. Rial 100 zangu zikachukua wiki tatu hivi kurudi. Nikauliza kwa nini zinakawia, akainua mabega bila kuondoa macho kwenye simu yake.

Ukikodi kule, mtajie mlima kwa jina, halafu mwambie aandike kwenye karatasi kwamba gari hilo linaruhusiwa kuupanda. Akikataa kuandika, tayari unalo jibu. Ukitaka 4x4 nilisikia ni kama rial 25, toa tu.

Zile nyota tatu nilikuwa nishazibonyeza. Nimefika kwenye kuandika lile neno "hukuuliza", nimerudi juu nikaziondoa mbili.