Pampu ya petroli ya kuvuta kamba: mwaka mmoja nayo, nyota 4

Nina mwaka na kidogo natumia hii pampu ya inchi 2, injini ya petroli, ya kuwasha kwa kamba. Haina otomatiki yoyote jamani, maji yakiisha haizimi, presha ikizidi haizimi, sensa ni masikio yako na mkono wako. Wengi wanaiponda kwa hilo, mimi naipenda hivyohivyo, ila wiki ya kwanza ilinifunza adabu.

Nilidhani itajivutia maji yenyewe. Nikafunga mipira, nikavuta kamba, ikawaka vizuri tu, maji hakuna, na mimi kwa akili zangu nikaongeza resi nikijua labda haina nguvu, baada ya dakika chache nasikia harufu ya mpira kuungua. Kesho yake inavuja katikati ya pampu na injini, tone tone. Sili, ile pete ya kuzuia maji yasivuje pale mhimili unapoingia kwenye pampu, imekwisha. Kumbe ile sili inapozwa na maji yaleyale yanayopita ndani, ikizunguka kavu hata muda mfupi inaungua. Siku hizi sigusi kamba kabla sijafungua kile kizibo cha juu na kujaza maji mpaka yamwagike, na kama baada ya muda hayajapanda nazima, naangalia klampu za mpira wa kunyonyea, maana hapo hata hewa kidogo ikipenya imekula kwako.

Kuhusu kina, usidanganywe na injini kubwa. Maji yanasukumwa juu na hewa ya nje, pampu inatengeneza nafasi tu, kwa hiyo zaidi ya mita 7 hivi kwenda chini utahangaika bure. Na hapa ndo watu wanapata wazo la kuishusha pampu ndani ya shimo ili ikaribie maji. USIFANYE. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, inajaa mle shimoni na mtu anazimika kabla hajajua kinachoendelea, na anayeruka kumwokoa anamfuata. Chumbani hata ukiacha mlango wazi ni yaleyale. Kitabu chake kimeligusia hilo kwa mstari mmoja, ukurasa wa katikati huko, wakati lingetakiwa liandikwe kwenye tenki kwa herufi nyekundu!

Kitu kingine, ukifunga kabisa valvu ya kutolea maji halafu ukaiacha inanguruma, maji yanazunguka palepale na kuchemka. Sasa ukifungua kile kizibo hapo kwa haraka yanakurukia usoni. Zima, subiri ipoe.

Petroli naongeza ikiwa imezimwa na imepoa, oili nacheki kila asubuhi ikiwa imekaa sawa. Kuzima nashusha resi kwanza, naiacha dakika moja mbili, nazima, halafu nafunga koki ya mafuta, ukisahau hiyo koki kuna siku utakuta petroli imejaa kwenye kaburata inadondoka chini.

Nyota moja nimeikata kwa sababu swichi ya kuzimia wameiweka upande wa ekzozi. Yaani ukitaka kuzima haraka unapitisha mkono juu ya bomba la moto, nina kovu kwenye kifundo cha kidole la kuthibitisha. Sasa nazimia nimesimama upande wa tenki, mkono unapita kwa nyuma.