Tovuti za kujifunzia sanaa na wasanii: ipi ya kazi gani

Tovuti za sanaa ni nyingi, lakini hakuna hata moja inayotosha peke yake. Mwanafunzi anayechota picha, tarehe na maelezo mahali pamoja, hasa kwenye matokeo ya kutafuta picha, huishia na kazi yenye makosa asiyoyajua. Mimi nazigawa: moja ya kuelewa, nyingine ya kuhakiki, nyingine ya kuchukua picha.

Ya kuelewa ni Smarthistory, na kwangu ndiyo bora kuliko zote. Ni ya bure na haidai ujisajili. Waanzilishi wake, Beth Harris na Steven Zucker, ni wanahistoria wa sanaa walioianza mwaka 2005. Video zake nyingi ni za dakika chache tu: wataalamu wawili wanazungumza huku kamera ikipita juu ya kazi yenyewe, mkono umekaaje, mwanga unatoka upande gani, jicho linavutwa wapi kwanza. Mwanafunzi anajifunza kutazama kabla ya kukariri. Wanazungumza Kiingereza, kwa hiyo washa manukuu na upunguze kasi hadi 0.75.

Google Arts & Culture, iliyoanza mwaka 2011, nzuri yake ni kukuza picha: unaona nyufa za rangi na alama za brashi ambazo kitabu hakiwezi kuonyesha. Ila inakula data, kwa kawaida haina kitufe cha kupakua, na ukitembea ndani ya makumbusho kwa picha za mzunguko utakuta baadhi ya kazi zimetiwa ukungu kwa sababu ya hakimiliki. Itumie kutazama tu.

Kuhakiki ndiko kunakowashinda wengi. Chukua mchoro wa Vincent van Gogh wa chumba chake cha kulala. Ukiutafuta bila kutaja makumbusho, unaletewa michoro mitatu iliyochanganywa kana kwamba ni mmoja. Wa kwanza, wa Oktoba 1888, uko Van Gogh Museum, Amsterdam. Wa pili, wa 1889, uko Art Institute of Chicago. Wa tatu, wa 1889 pia, uko Musée d'Orsay, Paris, nao ni mdogo kuliko wenzake. Watu walio kwenye picha ndogo zilizotundikwa juu ya kitanda hawafanani katika michoro hiyo. Nimeona kazi za darasa zikibandika picha ya Chicago na kuandika chini yake tarehe ya Amsterdam. Dawa ni kufungua ukurasa wa makumbusho inayoumiliki mchoro na kulinganisha vipimo.

Rangi nazo hudanganya. Kwenye skrini kuta za chumba hicho ni za buluu, lakini barua ya msanii mwenyewe kwa ndugu yake Theo inasema ni zambarau hafifu. Sababu ni kwamba rangi nyekundu iliyokuwa ndani ya mchanganyiko imefifia, ikabaki buluu. Barua hiyo inasomeka bure kwenye vangoghletters.org, tovuti yenye barua 902 pamoja na tafsiri za Kiingereza na maelezo. Wasanii wachache sana wana hazina kama hii mtandaoni.

Majina yakikuvuruga, fungua ULAN, orodha ya majina ya wasanii ya taasisi ya Getty. El Greco utamkuta pia kama Domenikos Theotokopoulos, na Hokusai ana majina mengi kwa sababu alikuwa akiyabadilisha. Muonekano wake ni mkavu, lakini kazi inafanyika.

Kwa picha za kupakua, nenda The Met, makumbusho ya New York iliyofungua picha za kazi zake zisizo na hakimiliki Februari 2017, au Rijksmuseum ya Amsterdam. Kwenye The Met weka alama kwenye kichujio cha Open Access (picha za kupakua bure) kabla ya kutafuta, vinginevyo utapoteza muda kwenye picha zisizopakulika. Usishangae ukikosa Picasso: alifariki 1973, na nchi nyingi hulinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo. Kama utachapisha ukurasa mzima wa A4, tafuta picha isiyopungua pikseli 2480 kwa 3508. Picha ndogo ukiilazimisha kukua inatoka na ukungu, na hakuna programu itakayorudisha alama za brashi zilizokosekana.

Kabla hujafunga ukurasa, nakili jina la msanii, jina la kazi, mwaka, malighafi, vipimo, makumbusho na namba ya usajili. Soma pia maneno yanayotangulia jina: "karakana ya Rembrandt" si Rembrandt mwenyewe. Namba usiiache, maana viungo huvunjika tovuti zinapokarabatiwa, ila ukiandika SK-C-5 kwenye kisanduku cha kutafutia cha Rijksmuseum utafika kwenye The Night Watch ya Rembrandt bila kupitia kiungo cha zamani.