Kisu cha kuwindia cha kufuliwa kwa oda Mwanza: uzoefu wangu kwa bajeti ya shilingi laki moja

Mtu mwenye shilingi 100,000 anayetafuta kisu cha kuwindia hapa Mwanza anaweza kununua kisu kinachong'aa cha dukani, kuagiza cha kiwandani kutoka nje ya nchi, au kwenda kwa mhunzi na kueleza anachotaka. Nilichagua njia ya tatu, na kwa kuwa nimekwisha kukitumia kisu hicho nyumbani na porini, naweza kueleza kwa nini sijutii na ni wapi kinaniudhi. Msimamo wangu ni huu: bajeti ikiwa ndogo, pesa ielekezwe kwenye chuma, umbo na namna bapa lilivyokazwa kwa moto, kwa sababu mpini na ala vinaweza kubadilishwa baadaye, lakini bapa lililokazwa vibaya halina tiba nyingine ila kurudi kwenye makaa.

Kisu cha aina hii hakiui mnyama. Mjomba wangu ndiye mwenye leseni na bunduki, kama Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inavyotaka, na mimi ni mchunaji wake tu. Kazi yangu huanza bunduki ikishanyamaza. Ni kuchana ngozi, kutoa matumbo bila kuyatoboa na kutenganisha viungo. Kwa kazi hizo bapa la sentimita 10 linatosha, hata kwa mnyama aliyemzidi swala kwa mbali. Visu virefu kama sime, ambavyo vijana huvipenda kwa sababu ya picha, huchosha mkono na ncha yake hufika mahali ambapo jicho halioni.

Visu vya dukani niliviacha mapema. Maandishi ya kigeni yaliyogongwa ubavuni kwamba chuma hakishiki kutu hayasemi lolote kuhusu ugumu wa makali, na vingi nilivyovishika vilikuwa na mpini wa plastiki uliobandikwa juu ya mkia mfupi, yaani ile sehemu ya bapa inayoingia kwenye mpini. Visu vya Mora vya Sweden ni habari nyingine, na simcheki anayevinunua. Chuma cha 12C27 kinachotumika kwenye baadhi ya visu hivyo kina kaboni karibu asilimia 0.6 na kromiamu karibu asilimia 13.5, hivyo kinashika makali na hakisumbuliwi sana na unyevu. Kwangu kikwazo kilikuwa gharama ya kukifikisha hapa, pamoja na kwamba katika matoleo yake ya bei nafuu mkia wa bapa hauendi hadi mwisho wa mpini.

Wahunzi wetu hutumia springi za magari. Chuma cha springi cha aina ya 5160, kwa mfano, nacho kina kaboni karibu asilimia 0.6, sawa na kile cha Sweden, ila kromiamu yake haifiki hata asilimia 1, na ndiyo maana hushika kutu. Si kila springi ni ya aina hiyo, na mhunzi hana njia ya kusoma mchanganyiko wake kwa macho. Lililo muhimu zaidi kwa mnunuzi ni kwamba springi ikiwa bado springi imekazwa ili ipinde na kurudi, wala haikukazwa ili ikate. Ugumu wake kwa kipimo cha Rockwell ni kati ya 40 na 50 hivi, ilhali kisu kizuri cha kazi hii huwa karibu na 56 hadi 58. Kwa hiyo mtu akikukatia kisu moja kwa moja kutoka kwenye springi kwa grenda, akakinoa na kukitia mpini, amekuuzia kitu kisichovunjika kirahisi lakini makali yake yanalala kabla hujamaliza paja moja. Visu vya namna hiyo ni vingi sokoni, na vinapendeza.

Nilizunguka kwa mafundi kadhaa mjini na pembezoni nikiuliza swali moja: bapa utalikaza vipi? Waliojibu kwamba chuma cha springi ni kigumu tayari niliwashukuru nikaondoka. Mzee niliyempa kazi, ambaye fuawe yake ni kipande cha reli, aliniambia, "Kijana wangu, kufua ni nusu ya kazi. Ukiwa na haraka, nenda dukani." Kwanza aliikagua springi niliyoichagua, akaikataa, kwa kuwa karibu na tundu la katikati palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, springi iliyobeba mizigo kwa miaka hupata nyufa za uchovu ambazo hufunguka zaidi bapa linapochovywa. Akachukua nyingine.

Siku ya kulikaza bapa aliniita, na hilo peke yake lilinipa imani naye. Alikuwa ametundika kwa waya sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio. Bapa lilipoanza kuwa jekundu, alilisogeza karibu na sumaku, sumaku ikavutwa. Akalirudisha kwenye makaa, akapunguza feni ili joto lienee bila kuunguza ncha, akalitoa tena. Safari hii sumaku ilining'inia tu bila kujali, kwa sababu chuma hupoteza mvuto wa sumaku kinapokaribia nyuzi joto 770 za Selsiasi. Akaliacha motoni kwa muda mfupi zaidi, kisha akalichovya ncha ikitangulia kwenye oili iliyopashwa moto kidogo, akilisogeza mbele na nyuma bila kulipeleka kando. Maji, alisema, hulipasua bapa jembamba la chuma cha springi. Lilipopoa alinipa tupa nijaribu makali, na tupa ikateleza juu yake kama juu ya kioo.

Bapa katika hali hiyo ni gumu kupita kiasi na likianguka sakafuni linaweza kukatika. Ndipo lilipopelekwa kwenye tanuri la jirani anayeoka mikate, likakaa kwa saa mbili katika joto la nyuzi 200 hivi, likatoka na rangi ya manjano hafifu. Rangi ya buluu ingemaanisha kwamba limepita na kurudi karibu na springi. Hii pia ndiyo sababu nilimwomba asitumie grenda kavu baada ya hapo. Cheche zikizidi, ncha hugeuka buluu mbele ya macho yako, na kazi yote ya moto inapotea mahali hasa unapoihitaji.

Kwa umbo nilichora kwenye karatasi ncha inayoshuka kidogo kutoka mgongoni, kwa kuwa ncha inayochongoka juu hutoboa utumbo unapopasua tumbo. Unene mgongoni ni milimita 3.5, nao mkia ni mpana na unafika mwisho wa mpini. Hapa tulibishana, maana mzee alitaka kuacha milimita 6 akiamini kisu kizito ni kisu cha maana. Kisu kinene kinapasua kuni. Ngozi inataka wembamba nyuma ya makali. Alikubali kwa shingo upande.

Bapa lilinigharimu shilingi 55,000, mpini wa mninga 15,000, na ala ya ngozi kutoka kwa fundi viatu 18,000. Iliyobaki ilinunua jiwe la kunolea lenye pande mbili.

Katika matumizi, kisu kimezidi bei yake. Nilimchuna beberu mkubwa wa sikukuu mwanzo hadi mwisho ndipo nikahisi makali yameanza kuteleza juu ya ngozi badala ya kuikata, na dakika chache za jiwe, kwa mwinamo wa nyuzi 20 hivi kila upande, ziliyarudisha. Kwenye viungo hupita vizuri kikiongozwa kwenye gegedu. Sikitumii kupasua mfupa, kwani kazi hiyo ina shoka lake. Anayetarajia kupasulia sangara minofu kwa kisu hiki atafute kingine, kwa sababu kazi ya samaki inataka bapa refu, jembamba na linalopinda.

Kasoro zipo. Kisu kilichelewa sana kuliko tulivyoahidiana, na kila nilipopiga simu kilikuwa "kinamaliziwa". Vipande vya mpini vimeshikizwa kwa misumari ya kawaida ya chuma iliyokatwa na kupigwa vichwa badala ya shaba niliyoomba. Damu na maji vimeipatia kutu, na mninga umeanza kuwa na doa jeusi kuizunguka. Bapa lenyewe limegeuka kijivu, jambo lisilonisumbua, lakini likilazwa na unyevu usiku mmoja tu huku ufukweni huamka na vidoa vyekundu, hivyo huosha, hukausha na kupaka mafuta ya alizeti kabla sijalala.

Ala ndiyo hasara kubwa. Fundi viatu aliishona bila kipande cha ngozi cha katikati kinachozuia makali yasiguse uzi, na mishono mitatu imekwisha kukatika. Hata ingekuwa nzima nisingehifadhi kisu ndani yake, kwa kuwa ngozi hutunza unyevu. Nakibeba nayo porini tu, na nyumbani hukaa kimefungwa kwa kitambaa chenye mafuta. Misumari ya shaba nimeshaipata kwa fundi mwingine, naye ameniambia ataitoa ile ya chuma na kubadilisha yote kwa shilingi 5,000.