Matembezi ya ndege hori ya Mida: chagua kiongozi anayejua maji

Nimeona watu wakiuliza kama matembezi ya kutazama ndege kwenye hori ya Mida, mkono wa bahari kule Watamu, pwani ya Kenya, yanafaa kulipiwa kiongozi au mtu aende tu na darubini yake. Mimi nilikwenda mwanzo wa kaskazi, Desemba, mvua za vuli zimekwisha na jua limeanza kuchoma kwelikweli. Jibu langu: lipia kiongozi, ila awe anayejua maji kabla hajajua ndege.

Hoteli niliyofikia, ambayo siitaji, ilitupangia matembezi ya saa tatu asubuhi, baada ya chai, kwa kuwa ndiyo saa iliyowafaa wao. Mwezi ulikuwa mpevu, bamvua hilo, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi. Pwani hii, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne asubuhi. Basi tulifika maji yakikimbia, tope limeanikwa mpaka upeo wa macho, ndege ni vitone vyeupe huko mbali. Kijana tuliyepewa akawa anatutajia majina ya vitone.

Mchana, kama saa nane, nikaenda mwenyewe kijijini Mida, nikalipa ada ya daraja na kuchukua kiongozi wa palepale. Huyu, salamu hazijaisha, alikuwa keshatazama mizizi ya mikoko kuona maji yamefika wapi. "Mama, tusikimbie," akaniambia. "Maji yenyewe yatatuletea."

Daraja ni la mbao, limening'inizwa katikati ya mikoko na linayumba kidogo ukitembea. Mwenye kizunguzungu ashike kamba. Mwisho wake kuna banda la kuotea ndege linalotazama tope. Mchana jua linakuwa limeanza kuinama nyuma yako, na rangi za ndege zinaonekana safi bila kukunja macho. Hilo peke yake lingetosha kuikataa ile saa ya hoteli.

Maji yakapanda. Ndege waliokuwa wametapakaa kote topeni wakawa wanarudishwa nyuma hatua kwa hatua, kuja upande wetu. Walitangulia sululu na ile midomo yao mirefu iliyopinda chini, wakafuata makundi ya ndege wadogo wa kijivu wanaozaliana kwenye nyanda za baridi za Siberia. Kati yao kuna mmoja mwenye mdomo uliopinda kwenda juu na miguu ya rangi ya chungwa, anayekimbia huku na huku kama mtu aliyesahau sufuria motoni. Niliacha wengine wote nikawa namfuata yeye.

Lakini watu huja Mida kwa ajili ya mla-kaa, Dromas ardeola kwa jina la kitaalamu. Ni mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, na mdomo mweusi mnene kupita kiasi kwa ndege wa umbo lake. Hutembea, husimama, hutimka mbio, kisha kaa yuko mdomoni anakung'utwa. Hawa huzaliana miezi ya joto kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi, pamoja na Oman na Somalia. Huchimba mashimo mchangani na kutaga humo, kwa kawaida yai moja tu, jeupe. Kisha husafiri mpaka huku na mtoto wao. Mtoto mwenyewe mgongo wake ni wa kijivu, na ingawa ameshavuka bahari kwa mbawa zake, bado anamfuata mzazi akipiga mluzi alishwe. Tulimwona mmoja akilia hivyo muda mrefu, mzazi kampa mgongo, hata mwishowe akapewa kaa. Nilicheka mpaka kiongozi akaniomba nipunguze sauti.

Maji yalipojaa kabisa, tope lote lilifunikwa na ndege wakahamia kwingine kupumzika. Kwa hiyo ukichelewa hupati kitu, sawa na ukiwahi mno. Kiongozi alitaka tungoje magharibi, na alikuwa na sababu: keremkerem wekundu, wale wanaotoka kaskazini ya ikweta kuja kukaa nasi msimu huu, walirudi mikokoni kulala, kundi baada ya kundi.

Kuhusu pesa: ada ya daraja inaingia kwenye mpango wa ASSETS, ulioanzishwa na A Rocha Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira, mwaka 2001, ambao huwalipia karo wanafunzi wa sekondari wa vijiji vya jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke. Kiongozi analipwa mbali, naye nilimwongeza kidogo bila kuombwa. Banda lina kivuli, darajani jua ni lako, beba kofia na maji ya kunywa. Darubini ya 8x42, ya kukuza mara nane, inatosha kama umekuja wakati wake.

Mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, nilipita haraka. Kuna shakwe na buabua wengi, lakini ni mahali pa kutembea mchangani bila banda wala daraja, na viboko wapo, kwa hiyo huko kiongozi si hiari.

Nawapa kiongozi wa Mida na daraja lao nyota tano. Matembezi ya hoteli, nyota moja, na hiyo ni ya chai. Ukipanga safari, tazama mwezi kwanza: siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, saa hubadilika, maji hujaa mnamo saa nne, na hapo ndipo asubuhi inapofaa.