Psappha ya Xenakis: nota zinazomdai mpigaji kabla hajapiga

Mtunzi Iannis Xenakis aliandika Psappha mwaka 1975 kwa mpigaji mmoja tu wa ala za midundo, na nota zake, zilizotolewa na kampuni ya uchapishaji ya Salabert, zinastahili kununuliwa na yeyote anayeipenda midundo migumu kwa dhati. Usitafute mistari mitano ya kawaida wala baa, yaani vigawanyo vya vipimo vya muziki. Kuna jedwali: mistari ya mlalo ni ala, ya wima ni wakati, na kila kitone ni pigo. Kwa midundo isiyojirudia, sijaona uandishi safi kuliko huu. Jicho linaupima umbali kati ya pigo na pigo bila kukokotoa chochote.

Jasho liko kwenye kuchagua ala. Xenakis hakuzitaja kwa majina, ila amezipanga katika makundi sita, A hadi F, jumla 16. A, B na C ni mbao au ngozi. D, E na F ni chuma. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa: wanachukua vyuma vinavyovuma kwa muda mrefu, mvumo unafunika mapigo yanayofuata, na mdundo wote unazama. Chukua chuma kikavu, au kibane kwa kitambaa. Ala za kundi moja zifanane sauti, lakini ya juu, ya kati na ya chini zitofautiane waziwazi, la sivyo msikilizaji hatajua mdundo upi unajibu upi. Vijiti navyo vifae mbao na chuma pia, kwani nafasi ya kubadilisha ni finyu.

Alama ya mkazo ina maana tano: nguvu zaidi, sauti kubadilika rangi ghafla, kubadilika uzito ghafla, kuongezewa sauti nyingine papo hapo, au mchanganyiko wa hayo. Amua mapema, andika kwa penseli.

Mwendo unaanza na alama za wakati (mistari ya wima ya jedwali) 152 kwa dakika au zaidi, na kufikia alama ya 740 unaruka hadi 272 kwa dakika. Metronomu (kifaa cha kupima mwendo) ya kukaza kwa kawaida huishia 208, hivyo tegesha 136 na kila mlio ubebe alama mbili.

Udhaifu upo: mikono ikiwa kazini, hakuna wa kufunua kurasa. Baadhi huamua kunakili kazi nzima kwa nota za kawaida. Hiyo ni hatari, kwa sababu baa huzaa mikazo ambayo Xenakis hakuiandika. Afadhali kukariri jedwali lenyewe, kipande kwa kipande.